Tanga haitembelewi kwa saa ya mkononi

"Waja leo, waondoka leo." Ndivyo watu wanavyouita mji wa Tanga. Wenyeji wanautamka msemo huo kwa mapenzi, lakini wageni wengi wameugeuza ratiba. Wanashuka Ijumaa saa nane mchana, wanakimbilia ufukwe wa Raskazone kuogelea na kukuta tope. Wakiagiza samaki, wanaletewa chipsi. Saa moja jioni wanatoka kutafuta burudani na kukuta viti vitupu. Kesho yake asubuhi wanapanda basi, wakawaambie watu huko walikotoka kwamba Tanga imelala.

Tanga haikulala. Walifika kila mahali saa isiyo yake. Maji yalikuwa yamekupwa, samaki wa mnada walikuwa wameshanunuliwa tangu asubuhi, na muziki ulikuwa bado saa tatu au nne kuanza. Ukipokea wageni hapa kwa muda, unajifunza kuwauliza kwanza swali moja, kabla ya kuwauliza watalala wapi: mnakuja tarehe ngapi ya mwezi? Tarehe ya mwezi wa angani, ile inayofuatwa kwa kufunga na kufungua Ramadhani. Kalenda ya ukutani inafuata baadaye.

Sababu ni hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inaingia kwenye bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa inapita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo viwili, karibu na tarehe 8 na tarehe 23 za mwezi, yanakuja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayakupwi sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukijua leo ni tarehe 1 au 15, unaweza kupiga hesabu ya juma zima bila kumuuliza mtu: tarehe 15 maji yamejaa saa kumi alasiri, tarehe 17 yanakaribia kujaa saa kumi na mbili jioni, na ikifika tarehe 22 kujaa kumehamia saa nne asubuhi.

Bamvua humpa mgeni mambo mawili. Alasiri anapata bahari iliyojaa hadi kwenye ngazi, jua likiwa limepoa, na hiyo ndiyo saa ya kuogelea Raskazone. Asubuhi miamba iko wazi, watu wanatembea juu yake kutafuta pweza, na jioni pweza huyo anauzwa mjini akiwa mbichi wa siku hiyohiyo. Dagaa nao wana kanuni yao. Wavuvi wanawavuta kwa taa, na taa haina nguvu kwenye mbalamwezi, kwa hiyo siku zinazozunguka mwezi mpevu dagaa huadimika na siku za giza huja tele. Mgeni anayetaka kuogelea, pweza na dagaa katika safari moja afike siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama. Kwangu hizo ndizo siku bora za Tanga, na ningezipigania hata kama ingebidi kuhamisha likizo kwa juma zima.

Halafu kuna upepo. Kusi inavuma kuanzia Aprili hadi karibu na Oktoba, na Juni mpaka Agosti bahari inachafuka. Hali ya hewa ni nzuri kwa kutembea mjini, ila boti zinarushwa. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ina bahari tulivu na joto linalokausha koo. Masika, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, yanaharibu njia za udongo za kwenda kwenye magofu na mapango. Anayeweza kuchagua achague maleleji ya baada ya kusi, upepo unapobadilika kabla ya kaskazi kuanza.

Kuhusu njia ya kufika sitakaa sana. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350, yaani saa tano hadi sita kwa basi linalokwenda vizuri: unapita Chalinze au unakata kwa Bagamoyo na Msata, kisha Segera, kisha Muheza. Wageni wanakosea mambo mawili. La kwanza ni saa ya tiketi. Tiketi ya kuchapishwa inaweza kuandika 06:00 wakati mkata tiketi anasema saa kumi na mbili, na mwingine akaandika 12:00 akimaanisha alfajiri hiyohiyo. Muulize kwa maneno, "alfajiri au mchana?" La pili ni Segera. Wanaotoka Moshi au Arusha huambiwa wapande basi la Dar washuke Segera, kwamba "hapo magari ya Tanga hayakosekani". Mchana ni kweli. Usiku unaweza kukaa njia panda na mizigo yako mpaka ichoshe, kisha ukalipa bei ya mtu asiye na hiari. Chukua basi linalofika Tanga moja kwa moja, au hakikisha Segera unashuka kabla ya saa kumi jioni.

Basi linakushusha Kange, nje ya mji. Vuka wanaokudaka mlangoni, nenda zinakosimama daladala, au patana na bajaji kabla mzigo haujawekwa ndani. Mzigo ukishaingia, umeshakubali bei.

Mahali pa kulala panabadilisha safari yote. Raskazone, upande wa mashariki, kuna upepo wa bahari, miti mikubwa na ukimya. Pabaya pake ni kwamba usiku huwezi kutoka kwa miguu, kwa kuwa barabara ni ndefu na mahali pengi hapana mwanga. Katikati ya mji na Chumbageni uko karibu na benki, soko na bandari. Ngamiani ndiko kwenye chakula na maisha ya watu. Mitaa imepangwa kwa mistari iliyonyooka na kupewa namba, kwa hiyo mtu anakuelekeza "barabara ya nane, kona ya pili" na unafika bila ramani. Anayelala Ngamiani ataamshwa na adhana ya alfajiri na majogoo, basi alijue hilo mapema na alipange kama saa ya kuamkia.

Chumba chochote utakachopewa, kague vitu vinne kabla ya kulipa: neti isiwe na tundu na ifike chini ya godoro, feni izunguke kwa kasi zote, bomba litoe maji wakati huo umesimama hapo, na dirisha liwe na wavu. Joto la hapa lina unyevu. Feni ikifa usiku, huna usingizi, na siku inayofuata imekwisha kabla haijaanza.

Mji wenyewe utembee kwa baiskeli. Tanga ni tambarare, na watu wake wameendesha baiskeli tangu zamani: mama anakwenda sokoni na kapu nyuma, mzee kanzu ameikunja. Muulize mwenye nyumba ya wageni au fundi wa mtaani, mpatane kwa siku nzima, na kabla ya kuondoka bonyeza breki zote mbili, zungusha pedali kinyume usikie mnyororo, bonyeza tairi kwa kidole gumba, na usikubali baiskeli isiyo na kufuli. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne uwe umerudi kivulini.

Anzia Urithi, makumbusho iliyo ndani ya boma la kale la Wajerumani katikati ya mji, ila fahamu kwamba haifunguliwi alfajiri. Kwa hiyo zunguka nje kwanza kisha urudi. Picha zake za zamani zinakupa macho ya kuuona mji: reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, bandari, na mkonge, ambao mwaka huohuo 1893 ulifika nchini ukiwa miche 62 tu iliyosalimika safarini, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Ukishazijua habari hizo, majumba ya ghorofa yenye roshani za mbao na milango ya nakshi yanaanza kusema. Mapato ya mkonge yalijenga sehemu kubwa ya unachokiona. Pita Bustani ya Jamhuri penye mnara wa saa, utazame bandari. Kisiwa kilicho mbele yako ni Toten, jina walilolitoa Wajerumani kwa ajili ya makaburi yaliyopo.

Endelea mashariki kupitia Hospitali ya Bombo hadi Raskazone. Njia hii nzuri yenye kivuli ilikuwa uwanja wa vita mwanzoni mwa Novemba 1914. Waingereza walishusha wanajeshi kama 8,000 kutoka India. Upande wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kulikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waliotoka meli walishindwa na kurudi baharini. Nyuki wa mwituni, walioshtushwa na risasi, waliwashambulia watu wa pande zote mbili, na ndiyo maana vita ile huitwa pia vita vya nyuki. Ukimpata mtu wa makumbusho wa kukuongoza, mwambie akupeleke na kwenye makaburi ya vita. Wabebaji mizigo na askari wa Kiafrika hawatajwi inavyostahili, na mwongozaji mzuri ni yule anayewataja bila kuombwa.

Sasa chakula, na hapa sitaharakisha.

Asubuhi ya Tanga inaliwa Ngamiani, kabla ya saa tatu. Mezani kuna mbaazi za nazi, maandazi yenye iliki, vitumbua, chapati, na chai ya rangi yenye tangawizi. Mbaazi ndizo kipimo cha mpishi. Zinatakiwa ziive hadi zipondeke kwa ulimi, na tui zito liingizwe mwishoni kwa moto mdogo. Likiachwa kuchemka kwa nguvu linakatika, ukaona mafuta juu na maji chini. Kitumbua kizuri kimetokana na mchele uliolowekwa usiku kucha na kusagwa, na kinapopasuliwa ndani kina vishimo vidogo kama sega. Kikiwa kizito na cheupe katikati, hamira haikupewa muda au chuma hakikupata moto. Saa tatu na nusu masufuria yanaoshwa. Wageni waliozoea kuamka saa nne hawajawahi kuionja asubuhi hii, na hakuna hoteli inayoweza kuwafidia.

Mtindi usiupite. Mkoa huu ni wa wafugaji wadogo wengi wa ng'ombe wa maziwa, na kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapahapa mjini. Mtindi baridi na andazi saa nne asubuhi, baada ya baiskeli, ni kifungua kinywa cha pili kisicho na aibu.

Samaki wanatafutwa Deep Sea, mwalo wa wavuvi. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, boti za usiku zikiwa zimerudi. Mnada ni wa haraka, na wachuuzi wananunua kwa fungu, kwa hiyo mgeni asiingilie bei ya mnada. Asubiri mchuuzi anunue, kisha anunue kwake samaki mmoja mmoja. Mtazame samaki macho: yawe angavu na yamejaa. Fungua mashavu: ndani yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza ubavu: nyama irudi. Changu na tasi ni wa kukaanga, nguru na kolekole wa mchuzi au kupaka, vibua wa kuchoma. Kwa watu wanne wenye njaa, samaki wa kilo moja na nusu anatosha pamoja na wali. Palepale kuna wanaoparua na kutumbua kwa malipo madogo. Simama umtazame wako asichanganywe. Pia usipige picha ya mtu akiwa kazini bila kumsalimu na kumuomba. Shikamoo kwa mzee na "habari za kazi" kwa kijana hufungua milango mingi kuliko pesa.

Samaki huyo mpeleke kwa mama lishe uliyepatana naye tangu jana. Neno "jana" ndilo muhimu. Samaki wa kupaka hapikwi kwa dharura. Samaki wa kilo moja anahitaji tui zito la nazi mbili, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ukwaju. Anapasuliwa, anapakwa viungo na kuachwa nusu saa, anachomwa juu ya mkaa wa kadiri, kisha anapakwa tui lililopikwa likawa zito, mara tatu au nne, kila upande kwa zamu. Jumla ni saa moja na nusu. Ukiketi saa saba na kumwagiza hapohapo, utaletewa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi juu, na hilo halitakuwa kosa la mpishi. Mpe nusu ya malipo mapema anunue nazi na mkaa, na mwambie asitie unga wa nazi wa pakiti. Nazi ya kukuna inajulikana: mchuzi ukipoa, mafuta yake yananukia.

Wali wa nazi wenyewe unaliwa kati ya saa sita na nusu na saa nane. Baada ya hapo ni makombo ya chini ya sufuria.

Jioni, jua likishatua, meza za barabarani zinatoka: viazi karai, bajia za kunde, kachori, mihogo ya kukaanga na chachandu, mishikaki, miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Pweza ana meza yake. Amechemshwa, amewekwa juu ya kibao, na muuzaji anamkata vipande na kukuchomea kimoja kimoja kwa kijiti, na supu yake kwenye kikombe. Hakikisha sufuria ya supu inachemka mbele yako, na kikombe kimesuuzwa kwa maji ya moto. Kama sivyo, omba supu kwenye kikombe chako. Pweza aliyekuwa mgumu kama mpira ama hakupigwa vya kutosha kabla ya kupikwa, ama amepashwa moto mara ya tatu. Anza na kipande kimoja. Kikikuridhisha, endelea, muuzaji anahesabu vijiti mwishoni, kwa hiyo usivitupe. Chachandu tia mwenyewe, kidogo. Tumbo la mgeni huharibiwa mara nyingi na chachandu iliyoshinda juani kuliko na pweza mwenyewe.

Beba noti ndogo na sarafu, za 500, 1,000 na 2,000. Noti ya 10,000 kwenye meza ya bajia ni usumbufu kwa watu wawili.

Nje ya mji yako mapango na magofu. Mapango ya Amboni yapo kama kilomita 8 kaskazini, kando ya barabara ya Horohoro, unachepuka Kiomoni. Ni mwamba wa chokaa uliokuwa chini ya bahari, na maji yameuchimba kwa muda usiohesabika. Ingia na mwongozaji tu, viatu vilivyofungwa vyenye soli ya kushika, suruali, na tochi yako mwenyewe hata kama yeye ana yake. Kuna mahali pa kuinama na mahali pa kupita ubavu. Mwenye hofu ya mahali pafinyu aseme mapema ili njia ifupishwe. Popo wapo, na harufu yao ipo. Utapita pia mahali pa tambiko penye vitambaa na chupa za marashi: ni ibada ya watu hai, usiguse chochote. Weka pesa kwenye simu kabla ya kutoka mjini, maana ada za vivutio vya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, na mgeni mwenye noti mkononi bila salio huhangaika.

Tongoni iko kama kilomita 20 kusini, njia ya Pangani. Ni gofu la msikiti na makaburi ya nguzo zaidi ya 20, ambayo ni mengi kuliko mahali pengine popote pwani ya Afrika Mashariki. Kwenye nguzo utaona vishimo vya mviringo vilivyokuwa na bakuli za kaure za China. Vasco da Gama alipita kwenye maji haya mwaka 1498, na mwaka uliofuata aliichoma meli yake mojawapo karibu na hapa kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Nenda asubuhi, na muda wa kukaa uwe saa moja nzima bila haraka. Vaa kama unayekwenda makaburini, kwa sababu ndiko unakokwenda.

Kwa visiwa, Toten, Yambe au Ulenge, kanuni ni chache ila hazina mjadala. Maboya ya kuvaa yawe sawa na idadi ya watu na uyaone kabla ya kulipa. Patana kama bei ina petroli ndani. Uliza ada ya hifadhi, kwa kuwa maji haya yamehifadhiwa. Kusini ya mji kuna hifadhi iliyoanzishwa 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale aliyekuwa akinaswa na majarife ya kina kirefu. Ondoka saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Na upange kurudi maji yakiwa yamejaa au yanajaa. Boti ikifika maji yamekupwa, inakwama mbali, na mtashuka kutembea kwenye tope hadi magotini, katikati ya viumbe wenye miiba myeusi mirefu inayokatikia mguuni. Viatu vya plastiki kila mtu awe navyo, hata Raskazone kwenyewe. Kisiwani hakuna duka: lita 2 za maji kwa kila mtu.

Usiku wa Tanga una sehemu tatu, na wengi wanaijua moja tu.

Ya kwanza ni baraza, baada ya swala ya Isha. Muuza kahawa ana birika juu ya mkaa, vikombe vidogo, na kashata pembeni. Bao linachezwa, mpira unabishaniwa. Ukitaka kukaribishwa, uliza kuhusu Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu iliyoanzishwa 1948 na kuwa bingwa wa Tanzania 1988. Atatokea shabiki wa African Sports, timu nyingine ya mji, kukujibu na usiku utakuwa umeanza. Mgeni asalimie wote kabla ya kuketi, na asiondoke bila kuaga. Kama kuna mechi Mkwakwani juma hilo, nunua tiketi mapema na ukae kivulini.

Ya pili ni ya vinywaji na nyama, kuanzia saa mbili. Nyama ya mbuzi inachaguliwa ikiwa mbichi na kupimwa mbele yako: nusu kilo kwa mtu mmoja, pamoja na ndizi. Kuchoma kunachukua dakika 40 hadi 60, kwa hiyo agiza unapofika, usingoje njaa. Chupa ifunguliwe mezani. Lipa kila raundi, kwa sababu hesabu ya usiku mzima ikiandikwa kwenye kipande cha boksi na wahudumu wawili walioshika zamu tofauti, hakuna atakayeitetea kwa uhakika.

Ya tatu ni muziki. Usiende kabla ya saa nne; disko linachangamka saa sita, Ijumaa na Jumamosi, na mkesha wa sikukuu. Tanga ina haki ya kuringa kwa muziki: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitoka hapa, na taarabu ya Black Star na Lucky Star ilivuma pwani nzima hadi Mombasa. Siku hizi taarabu utaikuta zaidi harusini. Ukialikwa, shika kadi, vaa vizuri, wanawake wakaulizie sare ya leso mapema, na uwe na noti ndogo za kumtunza mwimbaji. Unakwenda taratibu, unampa mkononi au unaweka penye chombo, unarudi. Baikoko, ngoma iliyopata jina Tanga, ni ya watu wazima. Usipeleke watoto, na simu ya kurekodi ibaki mfukoni, kwa heshima ya wachezaji.

Kurudi, usitembee. Chukua namba ya dereva wa bajaji aliyekupeleka, patana naye kwenda na kurudi, umlipe nusu ya pili mlangoni kwako. Bodaboda baada ya pombe sikushauri kwa bei yoyote.

Mavazi: Raskazone vazi la kuogelea halina tatizo, lakini ukitoka ufukweni jifunge leso au vaa suruali. Ngamiani ni nyumbani kwa watu, kuna wazee barazani na watoto wanaotoka madrasa. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane maduka mengi yanafungwa. Na Ramadhani si mwezi wa kuuepuka, kama wanavyofikiri wengi. Mchana utakula ndani, kwa stara. Lakini kuanzia saa kumi na nusu Ngamiani inajaa futari, muhogo wa nazi, tambi, maboga, kaimati, uji wa pilipili manga, na baada ya tarawehe mji unakesha kuliko Jumamosi yoyote ya mwaka. Disko tu ndilo linalopoa.

Kaa usiku mbili kwa uchache. Tatu ndizo zinazotosha. Siku ya kuondoka, tiketi iwe ya saa tatu au nne asubuhi badala ya alfajiri, upate mbaazi mara ya mwisho na bado ufike Dar mchana wa jua. Basi likisimama Muheza, machungwa yatapandishwa hadi dirishani. Usiyakatae kwa kuwa ganda ni la kijani: joto la usiku wa huku haliliachi liwe la njano hata tunda likiwa limeiva kabisa. Lipime mkononi. Zito kuliko linavyoonekana, lenye ganda laini lisilo na mabonde, ndilo lenye maji.